Nani Awajibike kwa Haki ya Lugha ya Alama?

Mkoa wa Tabora, ambako Kanisa Katoliki lilianzisha mwaka 1963 shule ya kwanza ya viziwi nchini Tanzania, ni mahali panapofaa kupimia utekelezaji wa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iliyotungwa baada ya nchi kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaoitambua lugha ya alama, yaani lugha kamili ya mikono na uso yenye sarufi yake. Sheria hiyo iliunda baraza la taifa la ushauri na kamati zinazoshuka hadi vijijini, hivyo hata katika kata ya Lusu, wilayani Nzega, wapo wanaopaswa kuulizwa ni nani anayemkalimania kiziwi anapofika zahanati. Swali hilo ni zito, kwa kuwa mgonjwa anayelazimika kusemewa na mwanawe mdogo hana siri tena. Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliifanya lugha ya alama kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge; lakini kokote kule haki isiyotengewa fungu katika bajeti ya halmashauri hubaki karatasini, hadi madiwani, pamoja na viziwi wenyewe, waidai taarifa ya wakalimani kila mwaka wa fedha.