Utata wa Kisemantiki katika Maelezo ya Zana za Mawakala wa Akili Mnemba: Mifano kutoka Kisiwani Mafia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutathmini maelezo ya Kiswahili yanayomwongoza wakala wa akili mnemba katika kusimamia seva za winguni. Hoja kuu ni kwamba utata unaovumilika katika mazungumzo ya watu huwa hatari pale ambapo msomaji wa maelezo hana muktadha mwingine wa kutegemea.

1.0 Utangulizi

Wakala wa akili mnemba ni programu inayopokea ombi kwa lugha ya kawaida, ikachagua zana inayofaa miongoni mwa zile ilizopewa, kisha ikaitumia. Kila zana huwa na jina, maelezo mafupi ya kazi yake na orodha ya taarifa inazohitaji. Kwa kawaida wakala haoni msimbo ulio nyuma ya zana. Huona maelezo tu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulimlenga binadamu aliye mbele ya skrini, anayeweza kusita na kuuliza. Maelezo ya zana yana msomaji wa aina nyingine, na ndiyo sababu yanastahili kuchunguzwa na wanaisimu.

2.0 Amri na Muktadha Wake

Katika Kisiwa cha Mafia, hususani Jibondo na Chole, uundaji wa vyombo na ubaharia ni kazi za jadi. Kitenzi *bisha* kina maana zaidi ya moja: kupinga kauli, kugonga mlango, na kukiendesha chombo kwa kukata upepo. Hata hivyo, nahodha akiamuru “Bisha!” hakuna baharia atakayetafuta mlango. Upepo, tanga na mahali alipo kila mmoja vimekwisha kuchagua maana. Wakala wa seva hana upepo wa kumwongoza. Maana ambayo maelezo hayakuibainisha ataikisia.

3.0 Vyanzo Vitatu vya Utata

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisi moja mjini Kilindoni inatunza takwimu za uvuvi katika seva iliyokodiwa Cape Town. Seva inapozidiwa, mtumishi anamwomba wakala aipunguzie mzigo. Wakala anakuta zana yenye maelezo haya: “Futa kumbukumbu.”

Chanzo cha kwanza cha utata ni polisemia ya nomino. *Kumbukumbu* ni sehemu ya kompyuta inayoshika data kwa muda. Ni rekodi za matukio ya seva. Na ni nyaraka za ofisi. Kufuta ya kwanza kwaweza kuwa nafuu ya kupita. Kufuta ya tatu ni kupoteza takwimu za miaka.

Cha pili ni upana wa kitenzi. “Anzisha seva” yaweza kumaanisha kuiwasha seva iliyozimwa au kuunda mpya, ambayo italipiwa.

Cha tatu ni cha kisarufi. *Seva* imo katika ngeli ya I-ZI, ambamo umbo la umoja na la wingi ni moja. “Zima seva” haionyeshi idadi. Upatanisho ndio unaoitenganisha “seva iliyotajwa” na “seva zilizotajwa”.

4.0 Vigezo na Utaratibu wa Tathmini

Kutokana na hayo, maelezo yapimwe kwa maswali manne: Je, yanaitenganisha zana na jirani zake? Je, yanataja kitendwa na idadi yake? Je, yanaeleza matokeo, na kama yanaweza kutenguliwa? Je, yanasema zana isitumike wakati gani? Maelezo ya awali yangeweza kuandikwa hivi:

“Hufuta rekodi za matukio za seva moja iliyotajwa kwa jina, zilizozidi umri wa siku zilizotajwa. Haigusi takwimu za ofisi. Zilizofutwa hazirejesheki. Isitumike kupunguza mzigo wa kumbukumbu ya muda.”

Uzuri wa sentensi si ushahidi kwamba zinafanya kazi. Mtathmini aandae maombi kadhaa, yakiwamo yale yasiyo na zana inayofaa, na aandike jibu sahihi la kila moja kabla ya jaribio. Kisha ayajaribu matoleo yote mawili kwenye seva ya majaribio, akibadili maelezo tu na kuacha mengine yote yalivyo. Kila ombi lirudiwe mara kadhaa, kwa kuwa wakala yuleyule anaweza kutoa majibu tofauti. Yahesabiwe makosa ya kuchagua zana, makosa ya kujaza taarifa, na mara ambazo wakala alitenda badala ya kuuliza. Kosa lisilotenguka lihesabiwe peke yake, lisifichwe ndani ya wastani.

5.0 Hitimisho

Urefu si dawa ya utata. Wakala husoma maelezo ya zana zake zote kwa pamoja, na maneno ya ziada yaweza kufunika tofauti iliyokusudiwa. Aidha, maelezo bora hayachukui nafasi ya mipaka ya ruhusa: kitendo kisichotenguka kisubiri idhini ya binadamu. Hata hivyo, idhini nayo huombwa kwa maneno. Mtumishi wa Kilindoni akiulizwa “Nifute kumbukumbu?” na kujibu “Ndiyo”, atakuwa ameidhinisha asichokijua. Kwa hiyo, kazi ya mwanaisimu huanza kabla ya swali hilo kuulizwa.