Nani Ndiye Adui Kati Yetu? Habari za Sinema ya Battlestar Galactica

Leo tunaeleza habari za sinema moja ya televisheni ya Marekani, hadithi ya kubuni ya vita vya angani, iliyoonyeshwa tangu mwaka 2003 hadi 2009. Pengine mtu atauliza inatuhusu nini. Basi, mwezi wa Machi 2009 Umoja wa Mataifa uliwaita watengenezaji na wachezaji wake New York, wazungumze juu ya haki za binadamu, watoto katika vita, na upatanisho. Kwa hiyo si mchezo wa watoto tu.

Hadithi yenyewe ni ya wakimbizi. Roboti waitwao Cylon, waliotengenezwa na binadamu, wanaangamiza makao 12 ya watu kwa mabomu. Watu karibu 50,000 tu wanapona. Wanakimbia katika vyombo vya angani, na Rais wao, mama Laura Roslin, anaandika hesabu ya walio hai kwenye ubao. Akifa mtu, anafuta na kuandika upya.

Kisha inajulikana kwamba kuna Cylon wenye sura ya binadamu, aina 12. Wanakula, wanalia, wanapenda. Wengine hawajijui: rubani Sharon Valerii anampiga risasi mkuu wake, Adama, hali alijidhania mtu kama wengine.

Aina saba zilionekana, tano zikabaki kufichwa. Hapo watazamaji wakaanza kukisia. Yule alipona mahali pa kufa: ni Cylon. Yule hana ndugu: ni Cylon. Yule ni mpole mno! Hata Rais na Adama walishukiwa. Mwezi wa Machi 2007 wanne wakafunuliwa, na watatu kati yao, Tigh, Tyrol na Anders, walikuwa viongozi wa kupigana na Cylon. Wa tano, aliyetajwa mwaka 2009, ni Ellen, mke wa Tigh, ambaye mumewe alikwisha kumwua kwa sumu kwa sababu alimpa adui habari. Naye alizitoa ili kumwokoa mume huyo huyo.

Sasa sikilizeni neno hili. Mwandishi mkuu, Ronald D. Moore, alieleza kwamba mwanzoni hawakuwa wameamua hao watano ni nani. Basi zile alama ambazo watu walizikusanya katika sehemu za kwanza zilitoka wapi? Hapakuwa na siri ya kufichua. Mtu alikwisha kumchagua mshukiwa, ndipo akatafuta alama, na anayetafuta hivyo hakosi kupata. Kwa watazamaji ilikuwa furaha, hakuna aliyeumia.

Ndani ya hadithi mambo ni mengine. Katika sehemu moja ya mwaka 2006, baada ya watu kutoka chini ya utawala wa Cylon, kikundi kinahukumu kwa siri waliotumikia adui na kuwasukuma nje angani, pasipo hewa. Tigh, Tyrol na Anders ni miongoni mwa mahakimu! Wanamleta kijana Gaeta, aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali iliyotii Cylon. Amekwisha kupigishwa magoti. Ndipo anataja bakuli la mbwa lililopinduliwa, alama aliyoiweka kila alipoacha habari za siri za kuwasaidia wapiganaji. Tyrol anashtuka: yeye ndiye aliyekuwa akizichukua habari hizo, bila kumjua anayezileta. Gaeta anafunguliwa.

Baadaye Rais Roslin anatangaza msamaha kwa wote na tume ya kutafuta ukweli. Waliokwisha kusukumwa nje hawakurudi. Na Gaeta, mwaka 2009, watu wake walipofanya mapatano na baadhi ya Cylon, alikataa, akaongoza uasi, akapigwa risasi kwa amri ya Adama.