Pesa zipo, mionzi haipo

Machi 2023, Hazina ya jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, ilitenga randi milioni 784 ili wagonjwa wa saratani waliokwama kwenye foleni ya mionzi wakatibiwe hospitali za binafsi. Walikuwa kama 3,000, wa Charlotte Maxeke, Johannesburg, na Steve Biko, Pretoria.

Mwaka ukapita, randi milioni 250 zikarudi Hazina bila kutumika. Mtu keshapasuliwa, anangojea mionzi, na uvimbe haumngojei yeye. Sie tumezoea kuambiwa hakuna pesa. Hawa pesa walikuwa nazo!

Cancer Alliance, muungano wa watetezi wa wagonjwa, ukaenda mahakamani. Machi 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaamua kuwa idara ya afya imevunja katiba, na wagonjwa watibiwe. Idara ikaomba kukata rufaa.