Wayunani na Wagiriki: Taifa moja, majina mawili

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version, hukutana na Wayunani. Akifungua ukurasa wa michezo hukuta Ugiriki, timu iliyotwaa Kombe la Ulaya mwaka 2004. Si ajabu basi mwanafunzi kudhani kuwa hayo ni mataifa mawili.

Asili ya jina Yunani ni Ionia, ukanda wa pwani ya magharibi ya nchi ambayo leo ni Uturuki, pamoja na visiwa vya jirani kama vile Samos na Chios. Huko ndiko ilikokuwa miji ya Mileto na Efeso. Waajemi, walioiteka miji hiyo katikati ya karne ya sita K.K., waliwabandika Wagiriki wote jina la hao waliokuwa karibu nao: Yauna. Waebrania walisema Yavani, Waarabu Yunani, nacho Kiswahili kikaazima kwa Waarabu. Jina Ugiriki lilipita njia nyingine, kutoka Kilatini cha Warumi hadi Kiingereza, ndipo likatufikia. Wenyewe hawajiiti kwa lolote kati ya hayo. Wao ni Wahelene, na ndilo jina alilolitumia Paulo katika waraka wake kwa Wagalatia, pale ambapo sisi husoma Myunani.

Kwa habari za leo, Ugiriki latosha. Kwa watu wa kale, Wayunani si kosa, mradi mwandishi asichanganye yote mawili katika aya moja.

Utata huzuka pale anapokusudiwa mtu wa Ionia hasa. Miji ya Ionia ilipoasi utawala wa Waajemi mwaka 499 K.K., Athene ilituma merikebu 20 kuisaidia. Anayeandika kwamba Waathene waliwasaidia Wayunani humfanya msomaji adhani Waathene hawakuwa Wayunani, ilhali wao nao walijihesabu kuwa wa ukoo huo huo wa Ionia. Hapo heri kusema Waionia.

Wala ramani isimhadae mtu: Bahari ya Ionia iko magharibi mwa Ugiriki, mbali na Ionia yenyewe. Huko Ionia nako, karibu Wagiriki wote waliondoka baada ya vita vilivyomalizika mwaka 1922 na mapatano ya kubadilishana wakazi yaliyotiwa saini Lausanne mwaka 1923. Waturuki wanaoishi pwani hiyo leo huiita nchi iliyo ng'ambo ya bahari Yunanistan.