Dawa inayong'aa penye saratani, na kipimo kilicho karibu nasi

Mama wa Engaresero, kijiji kilicho kati ya Ziwa Natron na mlima Ol Doinyo Lengai, akihisi uvimbe kwenye titi, safari yake ya matibabu ni ndefu: barabara ya vumbi hadi Mto wa Mbu, kisha Arusha, na pengine hospitali ya KCMC, Moshi. Akishapasuliwa, hubaki swali zito: je, saratani yote imeondolewa? Mabaki madogo hayaonekani kwa macho, nayo yakiachwa, maradhi huweza kurejea.

Wanasayansi wanalijibu swali hilo kwa mwanga. Seli za saratani hutoa kwa wingi baadhi ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za mwili. Vimo vinavyokata protini nyingine mfano wa mkasi, na kwa njia hiyo saratani hupenya nyama zilizo jirani. Wataalamu wametengeneza dawa ambayo mng'ao wake umefungwa. Kimeng'enya kinapokikata kifungo hicho, dawa hung'aa chini ya taa maalumu na kumwonyesha mpasuaji pa kukata.

Mwaka 2011, Yasuteru Urano wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzake walionyesha dawa ya kunyunyiza iliyong'arisha uvimbe katika panya kwa muda wa dakika chache tu. Aprili 2024, Marekani iliidhinisha dawa ya Lumisight kwa upasuaji wa saratani ya matiti. Hata hivyo, huhitaji uangalifu, kwa kuwa inaweza kuleta mzio mkali.

Je, tukae tukisubiri dawa hizo zitufikie? La. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ile ya mlango wa kizazi, nayo ina kipimo rahisi. Mhudumu wa afya hupaka asidi ile ile iliyomo katika siki, kwa kiasi kilichopimwa. Baada ya dakika moja hivi, sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo, kabla haijawa saratani. Si jambo la kujifanyia nyumbani. Ni kazi ya aliyefunzwa. Wasichana nao, tangu mwaka 2018, hupewa chanjo ya kuwakinga na virusi vinavyosababisha maradhi hayo.

Wapo kina mama wanaochelewa kwa kuona haya. Haya ni sehemu ya imani, lakini haimzuii mtu kutafuta tiba. Mama anaweza kuomba apimwe na muuguzi wa kike. Nawe baba, usingoje mkeo augue ndipo utafute nauli. Mwenye miaka 30 hadi 50 aende akapimwe akiwa mzima, na anayehisi uvimbe kwenye titi asiufiche hata wiki moja. Mwanga wa Tokyo ungali mbali na Engaresero, lakini kuwahi kumo mikononi mwetu.