Bei ya Saa na Bei ya Leseni: Soko la Mafunzo ya Juu ya Urubani Ughaibuni

Mafunzo ya urubani yamegawanyika katika biashara mbili ambazo wanunuzi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kumfundisha mtu ambaye hajawahi kushika usukani wa ndege hadi apate leseni ya rubani binafsi, ambayo humruhusu kuruka bila malipo katika hali nzuri ya hewa. Ya pili, ambayo ndiyo ghali na ndiyo inayowapeleka vijana wa Afrika Mashariki ng'ambo, ni mafunzo ya juu: leseni ya urubani wa biashara, inayomruhusu mwenye nayo kulipwa kwa kazi yake, idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani ruhusa ya kuongoza ndege ndani ya mawingu kwa kutazama vyombo vilivyo mbele ya rubani badala ya upeo wa macho, na idhini ya ndege ya injini mbili. Leseni ya rubani binafsi hupatikana bila shida kubwa katika uwanja wa Wilson jijini Nairobi, lakini ndege za mafunzo zenye injini mbili katika kanda hii ni chache, na mafuta ya avgasi yanayotumiwa na injini ndogo za pistoni huagizwa kutoka mbali kwa kiasi kidogo, hivyo gharama ya kila saa hupanda haraka mafunzo yanapohamia kwenye ndege kubwa zaidi.

Hali hiyo haikupangwa iwe hivyo. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilianzisha chuo cha urubani huko Soroti, mashariki mwa Uganda, kwa lengo la kukidhi mahitaji ya nchi zote tatu wanachama. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 chuo kilibaki mikononi mwa Uganda, na soko la pamoja ambalo lingeweza kugawana gharama za ndege, wakufunzi na matengenezo likasambaratika. Tangu hapo, mwanafunzi mwenye uwezo wa kulipa amekuwa akitazama Afrika Kusini, Marekani, na kwa nadra zaidi Ulaya.

Kabla ya kulinganisha bei, ni lazima ieleweke ni bidhaa gani hasa inayouzwa. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, linalojulikana kwa kifupi kama ICAO, uliweka msingi wa viwango vya chini vya leseni, na viwango hivyo vimewekwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo. Hata hivyo, leseni yenyewe hutolewa na kila nchi kwa mamlaka yake. Hakuna leseni ya dunia nzima. Rubani anayerudi na leseni ya Marekani au ya Afrika Kusini ana karatasi ambayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, au ile ya Kenya, itaipima kwa kanuni zake kabla ya kumpa leseni ya nyumbani, na katika upimaji huo anaweza kutakiwa kufanya mitihani, kuruka na mtahini na kupata upya cheti cha afya cha daraja la kwanza. Kwa sababu hiyo, shule ya bei nafuu ni ile ambayo jumla ya gharama yake, kuanzia viza hadi siku leseni ya nyumbani inapotolewa, ni ndogo kuliko ya shule nyingine, na mara nyingi siyo ile yenye bei ndogo kwa saa. Mwanafunzi mwenye busara huanza na mamlaka ya kwao, akaomba kwa maandishi orodha ya masharti ya ubadilishaji wa leseni, kisha akatafuta shule inayoyatimiza.

Marekani ndiyo soko kubwa kuliko yote, na unafuu wake una sababu zinazoeleweka. Ndege ndogo hailipi ada ya kuongozwa angani, viwanja vingi havitozi ada ya kutua, na avgasi huuzwa kwa ushindani karibu kila mji. Ndege ya Cessna 172, ambayo imetengenezwa zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950 na ndiyo darasa la kawaida la shule hizi, hukodishwa kwa kiwango kinachozunguka dola 150 hadi 220 kwa saa, mafuta yakiwemo. Sababu nyingine hutajwa kwa nadra, nayo ni bei ya nguvukazi. Baada ya ndege ya abiria kuanguka karibu na Buffalo mnamo Februari 2009, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 2010, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2013, ikitaka rubani msaidizi wa shirika la ndege awe na saa 1,500 za kuruka, au pungufu kwa waliosoma vyuo vilivyoidhinishwa. Marubani wote wawili wa ndege iliyoanguka walikuwa tayari wamevuka kiwango hicho, jambo linalowafanya wakosoaji wajiulize sheria hiyo ilikusudia kutibu nini. Hata hivyo, athari yake katika soko la mafunzo ilikuwa kubwa: maelfu ya marubani wapya wenye saa 250 hawana njia ya haraka ya kufikia 1,500 isipokuwa kufundisha, na wingi wao hushusha ujira wa mkufunzi.

Mwanafunzi wa kigeni hufaidi ujira huo mdogo, lakini hulipa kwa njia nyingine. Mkufunzi anayehesabu saa zake huondoka siku anapofikia idadi inayotakiwa, na mwanafunzi aliyekuwa katikati ya mafunzo ya vyombo hukabidhiwa mwingine ambaye, kwa haki kabisa, hataki kumpeleka kwenye mtihani kabla ya kuruka naye mara kadhaa. Watahini walioteuliwa na serikali ni wachache kuliko mahitaji katika majimbo yenye shule nyingi, hivyo mtu aliye tayari anaweza kusubiri wiki kadhaa huku akilipa kodi ya chumba na kuruka ili asisahau; ada ya mtahini, inayofikia mamia ya dola na wakati mwingine kuzidi elfu moja, huwa haionekani katika tangazo la shule. Hali ya hewa nayo ina gharama yake. Florida hupata ngurumo za mchana karibu kila siku katika miezi ya kiangazi, na msimu wa vimbunga huanza Juni na kuisha Novemba, ilhali Arizona ina anga kavu lakini joto lake la Julai hupunguza nguvu ya injini na kuwalazimu watu kuruka alfajiri.

Kanuni za Marekani zina milango miwili, inayojulikana kwa nambari za sehemu za sheria: 61 na 141. Chini ya sehemu ya 61, mafunzo hayafungwi na mtaala ulioidhinishwa, na leseni ya biashara huhitaji saa 250. Chini ya sehemu ya 141, shule hufuata mtaala uliokaguliwa na serikali, na saa zinaweza kushuka hadi 190. Tofauti ya saa 60 inavutia, ila kwa mtu anayefika akiwa na saa 150 au zaidi kutoka nyumbani faida hiyo hupungua, na si kila mamlaka ya Afrika Mashariki itahesabu saa 190 kwa namna ileile, kwa kuwa kiwango cha ICAO ni saa 200, au 150 zikifanywa mfululizo katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Mgeni vilevile hana uhuru wa kuchagua mlango wowote. Anahitaji viza ya mwanafunzi, na shule inayoweza kumdhamini ni ile iliyosajiliwa na mamlaka za uhamiaji, ambayo kwa kawaida huwa ya kundi la 141. Pia, tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001, asiye raia anayesomea leseni ya kwanza, idhini ya vyombo au injini mbili hukaguliwa kwanza na idara ya usalama wa usafiri.

Katika suala la viza kuna tofauti yenye thamani kubwa kuliko punguzo lolote la bei. Viza ya M-1, ambayo shule nyingi za urubani hutumia, haimruhusu mwanafunzi kufanya kazi anaposoma, na baada ya masomo humpa mwezi mmoja tu wa mafunzo ya kazini kwa kila miezi minne aliyosoma, bila kuzidi miezi sita. Viza ya F-1, inayotumiwa na vyuo vya kitaaluma na shule chache, inaweza kufuatiwa na miezi 12 ya kazi, na katika muda huo mhitimu anaweza kufundisha na kulipwa huku saa zake zikiongezeka kwa mamia. Shule ya F-1 inaweza kuwa ghali zaidi kwenye karatasi na bado ikawa ndiyo nafuu.

Afrika Kusini ni jirani kwa nauli, kwa mazoea ya kisheria na kwa sarafu, kwani udhaifu wa randi mbele ya dola humnufaisha anayelipa kutoka nje. Shule kama 43 Air School ya Port Alfred, iliyoanzishwa mwaka 1989, huwahifadhi wanafunzi katika mabweni, jambo linaloondoa gharama ya gari ambayo Marekani ni karibu ya lazima. Kuna faida nyingine isiyotangazwa vya kutosha, nayo ni mwinuko. Uwanja wa Rand, ulio karibu na Johannesburg, uko takriban mita 1,670 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Wilson. Ndege ya mafunzo ya injini mbili ya Piper Seminole, ikiwa na uzito kamili na injini moja imezimika, haiwezi kuendelea kupanda ipasavyo juu ya futi 3,800 hivi, ambazo ni chini ya mwinuko wa Nairobi kabla hata ya kuruka. Aliyejifunza kuzima injini kwenye ufuko wa Florida ameona ndege ikipanda kwa injini iliyobaki. Akirudi nyanda za juu za Kenya atakutana na ndege ileile ikishuka, na ni afadhali ajifunze hilo akiwa na mkufunzi pembeni.

Ulaya inaweza kupitwa haraka. Mitihani yake ya nadharia ya urubani wa mashirika ni 13, Uingereza huongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 juu ya mafunzo, na tangu Januari 2021 leseni za Uingereza na za Umoja wa Ulaya zimetengana. Asiye na haki ya kufanya kazi huko hana sababu kubwa ya kulipa bei hizo. Kitu kimoja kutoka Ulaya kinastahili kufuatiliwa, nacho ni ndege ya Diamond DA42 ya Austria, ambayo injini zake mbili za dizeli hutumia mafuta yaleyale ya jeti. Palipo na uhaba wa avgasi, ndege hiyo hubadilisha hesabu nzima.

Katika kusoma bei, maneno madogo ndiyo yanayobeba pesa. Baadhi ya shule hutoza kwa saa ya Hobbs, mita inayohesabu muda wote injini inapowaka, na nyingine kwa takometa, inayohesabu kulingana na mizunguko ya injini na hivyo kwenda polepole ndege ikiwa chini au ikiruka taratibu. Tofauti inaweza kufikia asilimia 15: kwa dola 180 kwa saa, saa 40 za Hobbs ni dola 7,200, lakini safari hizohizo kwa takometa zingekuwa kama saa 34, yaani dola 6,120. Mtego mkubwa zaidi ni shule kuandika bei kwa saa za chini kisheria. Idhini ya vyombo huhitaji saa 35 za mafunzo chini ya sehemu ya 141, lakini mwanafunzi akimaliza kwa saa 50, na kila saa ya ziada ikagharimu dola 180 za ndege na 60 za mkufunzi, ongezeko ni dola 3,600 ambazo hazikuwemo katika ankara. Swali la kuuliza shule ni wanafunzi wake wa mwaka uliopita walimaliza kwa saa ngapi kwa wastani, na jibu la kukwepa ni jibu tosha.

Punguzo kwa anayelipa yote mapema linahitaji tahadhari zaidi. Silver State Helicopters ya Marekani, ambayo wanafunzi wake walikopa karibu dola 70,000 kila mmoja na kulipa kabla ya kuruka, ilifilisika Februari 2008. Cabair ya Uingereza iliingia katika ufilisi Januari 2012, na Tayside Aviation ya Dundee ikafuata Aprili 2023. Mwanafunzi katika ufilisi ni mdai asiye na dhamana, anayesimama nyuma ya benki na mwenye ndege. Kulipa kwa awamu ndogo, hata bila punguzo, ni bima ambayo bei yake inajulikana.

Mpangilio wa masomo nao unapaswa kufuata ajira inayotarajiwa. Kazi ya kwanza ya wengi Afrika Mashariki ni kwenye Cessna Caravan, ndege ya injini moja ya tabo inayobeba watalii kwenda mbugani na Zanzibar, kisha ndege kubwa zaidi za abiria kama ATR au Dash 8. Kununua ng'ambo idhini ya Airbus A320 kwa makumi ya maelfu ya dola kabla ya kuwa na mwajiri ni kamari, kwa kuwa mashirika hutaka pia saa za uzoefu kwenye ndege hiyo. Fedha hizo zingefaa zaidi kuongeza saa za injini mbili na kulipia ubadilishaji wa leseni mara tu baada ya kurudi, kwa sababu umahiri wa kuruka kwa vyombo hauhifadhiki. Kanuni za Marekani zinataka rubani awe amefanya mikaribio sita ya kutua kwa vyombo katika miezi sita iliyotangulia, na mhitimu anayerudi Dar es Salaam Desemba, mafaili yakasubiri na ndege ya mazoezi yenye vyombo ikakosekana, anaweza kujikuta Juni akilipa tena mkufunzi kabla ya kumkabili mtahini wa nyumbani.