Maji Taka Nyumbani (2): Bomba Limeziba Wapi?

Juma lililopita tuliyafuata mabomba kutoka jikoni hadi kwenye karo. Leo tuingie kwenye kero yenyewe: maji yamesimama kwenye sinki, na mwenye nyumba keshamtuma mtoto dukani akanunue dawa ya kuzibulia. Mtoto huyo na aitwe arudi kwanza. Dawa humwagwa pale maji yanapoonekana, ilhali uchafu uliokwama mara nyingi uko mbali na hapo, na kuutafuta hakugharimu kitu.

Fungua maji sehemu nyingine za nyumba. Sinki la jikoni likisuasua peke yake huku bafu na choo vikipeleka vizuri, kasoro iko kwenye sinki hilo au kwenye bomba lake dogo. Lakini choo kikibubujika kila mtu anapooga, au maji ya kufulia yakiibukia kwenye tundu la bafu, njia kuu ndiyo iliyoziba. Toka nje ufunue chemba ya kwanza. Ukiikuta kavu, uchafu umekwama kati yake na nyumba. Ukiikuta imejaa, nenda inayofuata, na inayofuata, mpaka ufikie iliyo kavu. Kati ya hiyo na ile iliyojaa ndipo pa kupitisha waya. Fundi mzuri huanza hivyo. Anayeanza kwa kuvunja sakafu, mpe nauli arudi kwake.

Ikiwa ni sinki, tazama bomba lililopinda chini yake. Mpindo huo umewekwa makusudi: hubakiza maji kidogo yanayozuia harufu ya karo isipande chumbani. Alexander Cumming, fundi saa Mskoti, aliuwekea hataza mwaka 1775 katika choo chake cha kuvuta. Mpindo unaozuia harufu hunasa pia punje za wali, majani ya chai na mchanga wa kusugulia masufuria. Kinga ndoo, legeza nati za plastiki kwa mkono, safisha, rudisha.

Kile kikombe cha mpira chenye mpini nacho hufanya kazi, ila wengi hukisukuma kwenye sinki kavu wakachoka bure. Acha maji yafunike ukingo wa mpira. Hewa ikibanwa hunywea na kula nguvu yako. Maji hayanywei, kwa hiyo msukumo wa mkono hufika kwenye uchafu. Tundu la juu la sinki lizibe kwa kitambaa kibichi, la sivyo nguvu yote itatokea hapo.

Adui mkubwa wa jikoni ni mafuta. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mpishi wa Tanga anaweza kuponea pale ambapo wa Njombe hataponea. Mafuta ya ng'ombe hayana huruma hata pwani, maana hayasubiri baridi ili yagande. Nayo ya alizeti, ambayo hayagandi, yakivunjikavunjika ndani ya bomba hukutana na chokaa ya maji ya kisima au ya zege la chemba, yakawa sabuni ngumu nyeupe isiyoyeyuka. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel mjini London, donge la namna hiyo lililochanganyika na vitambaa vya kufutia watoto lilikutwa na urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Sisi tunamwaga kidogokidogo tu, lakini bomba la sinki ni la inchi moja na nusu! Futa sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha, na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yatie kwenye chupa. Maji yanayochemka si tiba: huyasogeza mafuta mbele yakagande mahali pagumu zaidi kufikika, na hulegeza mabomba ya plastiki.

Bafuni mkosaji ni nywele. Kostiki soda huziyeyusha zile za asili. Rasta na nywele za bandia ni plastiki. Kostiki haizigusi, zitaendelea kukaa humo zikikusanya sabuni. Hizo hutolewa kwa waya wenye ncha iliyokunjwa, na kichujio cha bei ndogo juu ya tundu kingezizuia tangu mwanzo.

Kama hapana budi utumie kostiki, vaa glavu na miwani, na utie soda ndani ya maji baridi, kamwe usimimine maji juu ya soda. Huchemka ghafla na kuruka usoni. Kamwe usichanganye dawa mbili. Dawa ya kung'arishia nguo ikikutana na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Na mwambie fundi mapema ulichomwaga, kwa sababu yeye ndiye atakayetia mkono humo.

Juma lijalo tutafunua karo lenyewe. Hadi hapo, chemba ikifunuliwa waweke watoto mbali, wala asiingie mtu ndani kuokota kitu, hata kwa dakika moja: gesi inayokaa humo huangusha mtu kabla hajapata nafasi ya kuita, na anayemfuata kumwokoa huanguka pia.